Nat Holman: Kijana wa mitaa ya wahamiaji aliyeufundisha mji wa New York kucheza kikapu

Aprili 1921, maelfu ya watu wa New York walijazana katika ukumbi wa gwaride wa Kikosi cha 71, Manhattan, kushuhudia pambano la kikapu lililokuwa limegawa mji. Upande mmoja walikuwa Original Celtics, timu yenye chimbuko katika mitaa ya Waairishi, magharibi mwa Manhattan. Upande wa pili walikuwa New York Whirlwinds, ambao nyota wao wakubwa walikuwa Wayahudi watatu: Barney Sedran, Marty Friedman na Nat Holman. Whirlwinds walishinda mechi ya kwanza 40-24. Celtics wakajibu mapigo katika mechi ya pili kwa ushindi mwembamba. Mechi ya tatu, ambayo ingekata mzizi wa fitina, haikuchezwa kamwe.

Mmiliki wa Celtics, Jim Furey, alimaliza ubishi kwa njia yake. Alifungua pochi akawasajili wachezaji wawili wa wapinzani wake, Chris Leonard na Holman. Holman alikuwa na miaka 24. Tayari alikuwa kocha wa chuo, mwalimu wa elimu ya viungo na mmoja wa wachezaji wa kulipwa waliotafutwa zaidi mashariki mwa Marekani. Kuanzia hapo jina lake lisingetenganishwa tena na mchezo huo kwa muda wa miaka 40, katika utukufu wake na katika aibu yake kubwa.

Leo vijana wanaofuatilia NBA wanamjua LeBron James na Stephen Curry, na wachache wamewahi kusikia habari za Holman. Ni hasara, kwa sababu maisha yake yanajibu swali linaloulizwa kila mara jamii fulani inapong'ara katika mchezo fulani: je, ni damu, au ni malezi? Katika miaka ya 1920 na 1930 wapo walioandika kwa uhakika kabisa kwamba Wayahudi wameumbwa kucheza kikapu. Ukimfuata Holman hatua kwa hatua, unaona kilichowaumba: kiwanja kidogo, kituo cha jamii kilicho wazi jioni, na mtu mzima aliyekubali kukaa na watoto na kuwafundisha.

Mpira katika mitaa iliyobanana

Nathan Holman alizaliwa New York tarehe 19 Oktoba 1896, miaka mitano tu baada ya James Naismith, mwalimu wa mazoezi katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, kutundika vikapu viwili vya kuvunia matunda na kubuni mchezo mpya. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Urusi, na alikuwa mmoja wa watoto kumi. Familia iliishi Lower East Side, eneo la kusini-mashariki mwa kisiwa cha Manhattan ambalo wakati huo lilikuwa miongoni mwa maeneo yenye msongamano mkubwa wa watu duniani.

Kati ya mwaka 1880 na 1924, Wayahudi wapatao milioni mbili walihama Ulaya Mashariki kwenda Marekani wakikimbia umaskini, ubaguzi wa kisheria na mashambulizi ya magenge. Wengi walishukia New York. Waliishi familia nzima katika vyumba viwili au vitatu, wakashona nguo kwa ujira wa kipande, wakauza mboga na vitambaa kwenye mikokoteni. Wazazi wengi waliona michezo ni kupoteza muda. Mtoto alitakiwa kusoma au kufanya kazi.

Beziboli, mchezo uliopendwa zaidi nchini humo, unahitaji uwanja mpana wenye nyasi. Lower East Side haikuwa na uwanja wa namna hiyo. Kikapu kilihitaji kona moja, mpira mmoja na kitu cha kutundika. Palipokosekana mpira, watoto walifunga matambara wakatengeneza wa kwao. Mwaka 1903 jiji lilifungua kiwanja cha michezo katika bustani ya Seward Park, katikati kabisa ya mitaa hiyo, na hapo Holman alishinda akirusha mpira pamoja na kaka zake.

Viwanja peke yake visingetosha. Kulikuwa pia na vituo vya kijamii: University Settlement kilichoanzishwa mwaka 1886, Educational Alliance, na Henry Street Settlement cha muuguzi Lillian Wald. Waanzilishi wa vituo hivi waliamini kwamba mtoto wa mhamiaji anahitaji Kiingereza, bafu, maktaba, na pia ukumbi wa mazoezi. Katika University Settlement kocha aliyeitwa Harry Baum aliwakusanya vijana wafupi wembamba ambao shule zao ziliwakataa kwa sababu ya maumbo yao. Hakuwa na warefu wa kusimama chini ya kikapu, kwa hiyo aliwafundisha kukimbia, kupasiana haraka na kutokaa na mpira mkononi.

Mmoja wao alikuwa Barney Sedran. Alikuwa na kimo cha sentimita 163 hivi na uzito wa kilo zisizozidi 55. Katika mechi moja ya ligi ya jimbo la New York, akichezea Utica msimu wa 1913/14, alifunga vikapu 17 kwenye magoli yasiyo na ubao wa nyuma. Holman alikuwa mdogo kwa Sedran kwa miaka mitano, na alikua akiwatazama vijana hawa wa mtaani kwake wakilipwa kwa kufanya kitu alichokipenda. Akiwa na miaka 12 tayari alikuwa akipangwa katika timu ya watu wazima. Mtoto anayecheza na wanaume hawezi kuwashinda kwa nguvu. Anajifunza kusoma mchezo, kutoa pasi kabla hajafikiwa, na kupiga chenga ya macho.

Kazi ya kulipwa enzi za nyavu

Baada ya shule ya sekondari ya Commerce, ambako aling'ara pia katika soka na beziboli, Holman aliingia Savage School for Physical Education, chuo cha kuandaa walimu wa elimu ya viungo. Hapo ndipo njia zake mbili zilipoanza kwenda sambamba: ualimu mchana, mpira wa kulipwa usiku. Kuanzia mwaka 1916 alichezea timu mbalimbali za New York, New Jersey, Connecticut na Pennsylvania.

Tusiupime mchezo huo kwa macho ya leo. Sehemu nyingi uwanja ulizungushiwa wavu wa waya au wa kamba, na mpira ukigonga wavu mchezo uliendelea. Wachezaji walisukumwa kwenye waya wakatoka na michubuko. Kumbi zilikuwa za dansi, za gwaride au za makanisa, na nyingine zilikuwa na nguzo katikati ya uwanja. Kila kikapu kilipofungwa, mpira ulirudishwa katikati ukarushwa juu upya, na sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1937. Mechi zilikwisha kwa pointi 25 kwa 20. Timu nyingi zilikuwa na mchezaji mmoja maalumu wa kutupa mitupo yote ya adhabu, na Holman alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alikuwa bingwa pia wa kuwafanya walinzi wamfanyie madhambi. Aliwavuta kwa chenga, wakamwangukia, naye akaenda kwenye mstari kwa utulivu.

Malipo yalikuwa kwa mechi. Mchezaji hakuwa na mkataba wa msimu, kwa hiyo Jumatatu alikuwa wa timu hii na Jumatano wa timu ile, kutegemea nani ameongeza dola. Mashabiki hawakujua watakayemwona, na timu hazikuwa na muda wa kuzoeana. Holman mwenyewe alikuwa sehemu ya biashara hiyo ya kuhamahama hadi Furey alipokuja na wazo jipya: kuwalipa wachezaji wa Celtics kwa msimu mzima ili wasicheze kwingine.

Celtics na elimu ya pasi

Uamuzi huo wa malipo ulibadilisha uchezaji wenyewe. Watu walewale watano au sita walipocheza pamoja usiku baada ya usiku, walianza kufahamiana kiasi cha kupasiana bila kutazamana. Celtics ya Holman ilikuwa na Johnny Beckman, Pete Barry, Dutch Dehnert na Joe Lapchick, mtoto wa wahamiaji wa Kicheki aliyekuja kuwa mmoja wa warefu wa kwanza kujua kuutumia urefu wake. Ilikuwa timu ya watoto wa wahamiaji, Muairishi, Mjerumani, Mcheki na Myahudi, wote wamelelewa katika mitaa ya maskini. Baadaye aliongezeka Davey Banks, Myahudi mwingine, mfupi na mwenye kasi.

Walisafiri kwa treni kutoka mji hadi mji, wakicheza karibu kila usiku na Jumapili mara mbili. Inatajwa kwamba msimu wa 1922/23 peke yake walishinda zaidi ya mechi 190. Ratiba kama hiyo haimruhusu mtu kukimbia ovyo. Basi walijifunza kuuacha mpira ukimbie badala ya miguu. Dehnert alikuwa akisimama karibu na kikapu akiwa amekipa mgongo, anapokea mpira, wenzake wanakatiza kulia na kushoto kwake, naye anampa aliye huru. Mlinzi akijaribu kuukwapua kwa nyuma, Dehnert anageuka na kufunga. Hiyo ndiyo mbinu ya pivoti ambayo hadi leo hufundishwa. Katika ulinzi, wapinzani wawili walipopishana ili kuwachanganya, Celtics walibadilishana watu palepale badala ya kugongana. Holman ndiye aliyekuwa mpishi wa mashambulizi hayo, mtoa pasi na mfungaji wa mbali kwa mtupo wa mikono miwili.

Upinzani wao mkali zaidi ulitoka mitaa ya Harlem, kaskazini mwa Manhattan. Mwaka 1923 Bob Douglas, mhamiaji kutoka kisiwa cha St. Kitts, aliunda New York Renaissance, timu ya kulipwa ya Waamerika weusi iliyochukua jina la ukumbi wa dansi ilikochezea. Wenyewe waliitwa Rens. Ligi ya American Basketball League, iliyoanza mwaka 1925, haikuwapokea kwa sababu ya rangi yao, lakini Celtics walikuwa wakikutana nao nje ya ligi, na kumbi zilijaa weusi na weupe. Wakati ambapo beziboli ya ligi kuu iliwafungia weusi milango, timu bora mbili za kikapu duniani zilikuwa zikipimana nguvu ana kwa ana. Holman alikuwa ndani ya mapambano hayo, akicheza mbele ya watu waliojua fika nini maana ya kufungiwa mlango.

Celtics walipoingia katika ligi hiyo waliitawala, wakatwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 1927 na 1928. Ligi ikaona watazamaji wanapungua kwa sababu mshindi anajulikana kabla ya kuanza. Timu ikavunjwa na wachezaji wake wakagawanywa kwa timu nyingine. Holman alipita New York Hakoahs, timu ya wachezaji wa Kiyahudi, kisha akaendelea kucheza hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, mdororo mkubwa wa uchumi ulipowamalizia mashabiki pesa za kiingilio.

Kocha wa chuo cha wasio na karo

Miaka yote hiyo Holman alikuwa na kazi nyingine. Mwaka 1919, baada ya kutumikia jeshi la majini katika Vita Kuu ya Kwanza, alikabidhiwa timu ya City College of New York. Chuo hiki kilichoko kilimani juu ya Harlem kilikuwa hakitozi karo tangu kilipoanzishwa mwaka 1847. Vyuo vikubwa binafsi viliweka mipaka ya siri ya idadi ya Wayahudi wanaopokelewa. City College iliangalia alama za mtihani tu. Hivyo ikawa ngazi ya watoto wa washona nguo na wauza mikokoteni, na kwa muda mrefu wanafunzi wake wengi walikuwa Wayahudi.

Fikiria ratiba ya mtu huyu katika miaka ya 1920. Mchana yuko darasani na ukumbini akiwafundisha wanafunzi. Jioni anapanda treni kwenda kucheza mji mwingine. Mechi ikiisha anarudi, asubuhi yuko kazini. Alichojifunza usiku dhidi ya watu wazima wanaolipwa, alikifundisha mchana kwa vijana ambao wangekuwa madaktari, mawakili na walimu. Mwaka 1922, akiwa bado anacheza, alichapisha kitabu cha mafunzo kiitwacho Scientific Basketball. Aliamini kikapu ni elimu yenye kanuni zinazoweza kuandikwa, kuelezwa na kurudiwa hadi zikamwingia yeyote mwenye nia.

Mafunzo yake yalikuwa na msingi mmoja: asiye na mpira ndiye mwenye kazi kubwa. Akimbie aende panapofaa, amvute mlinzi, amfungulie mwenzake njia. Kuudunda mpira bila sababu kulimkera. Uchezaji huo ulipata umaarufu kama mtindo wa New York, na ulienea kwa sababu wanafunzi wake nao walienda kufundisha katika shule na vituo vya mitaa waliyotoka. Mcheza kwao hutunzwa, na New York ilimtunza Holman. Magazeti yalimbatiza jina la Bwana Kikapu.

Alikuwa mtu wa nidhamu, nadhifu wa mavazi, anayepima maneno. Wanafunzi walimheshimu, na si wote waliomkaribia. Vijana wengi walipata ukaribu zaidi kwa msaidizi wake, Bobby Sand. Tofauti hiyo kati ya kuheshimiwa na kukaribiwa ingekuja kuwa na uzito.

Sifa yenye sumu

Katika muongo wa 1930 orodha za wachezaji bora wa kulipwa zilijaa majina ya Kiyahudi. Huko Philadelphia, Eddie Gottlieb aliendesha timu ya SPHAS, ambayo jezi zake ziliwahi kubeba herufi za Kiebrania na ambayo mechi zake za Jumamosi zilimalizikia kwa dansi. Ndipo waandishi walipoanza kutafuta maelezo. Paul Gallico, aliyekuwa mhariri maarufu wa michezo wa New York Daily News, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1938 kwamba mchezo huo unamfaa Myahudi kwa kuwa unataka ujanja, hila na kujifanya mwerevu.

Maneno hayo yaliandikwa kama sifa, na yalikuwa matusi. Yalichukua miaka ya mazoezi ya mtu kama Holman, vitabu alivyoandika, safari za treni za usiku, kocha Baum na vituo vya kijamii, yakavifuta vyote na kuweka tabia ya kuzaliwa mahali pake. Tena yaliandikwa mwaka ambao Ulaya ilikuwa ikisikia nadharia za damu zikihubiriwa kutoka majukwaa ya serikali. Miongo michache baadaye, Wayahudi walipohamia vitongoji vyenye nafasi na vijana weusi wakarithi viwanja vya mijini, wasemaji walewale wa asili waligundua ghafla kwamba kikapu ni mchezo wa asili wa mtu mweusi. Watu waliobadilika ni wakazi wa mtaa. Mtaa ulibaki uleule: nafasi finyu, kikapu kimoja, watoto wengi, na ndoto ya kutoka. Mwandishi yeyote wa michezo anayekimbilia damu kueleza ushindi wa jamii fulani, awe anaandika juu ya mbio ndefu au ndondi, anarudia kosa hilohilo na anamdhulumu mwanamichezo jasho lake.

Siku kumi za Machi 1950

Jibu bora la Holman kwa nadharia hizo lilikuwa kikosi chake cha 1949/50. Watano wa kwanza walikuwa Wayahudi watatu, Irwin Dambrot, Ed Roman na Al Roth, pamoja na weusi wawili, Ed Warner na Floyd Layne. Wote walikuwa watoto wa New York. Wakati huo vyuo vya kusini mwa Marekani havikuwa vikimpanga mchezaji mweusi hata mmoja.

City College iliingia mashindano ya vyuo ya NIT, yaliyokuwa na hadhi kubwa sana wakati huo, bila kupewa nafasi. Iliwashinda mabingwa watetezi San Francisco. Kisha ikakutana na Kentucky ya kocha Adolph Rupp, mabingwa wa mashindano mengine ya vyuo, NCAA, kwa miaka miwili mfululizo. Husimuliwa kwamba baadhi ya wachezaji wa Kentucky walikataa kushikana mikono na wachezaji weusi wa City kabla ya mechi. Matokeo yalikuwa 89-50, kipigo kibaya kuliko vyote katika maisha ya ukocha ya Rupp. Baada ya Duquesne kuondolewa, fainali ya tarehe 18 Machi iliwakutanisha na Bradley ya Illinois, timu iliyoshika namba moja nchini. City ilishinda 69-61.

Siku kumi baadaye, tarehe 28 Machi, timu zilezile zilikutana tena katika ukumbi wa Madison Square Garden, kwenye fainali ya NCAA. Bradley walisogea hadi tofauti ya pointi moja. Sekunde zikiyoyoma, Dambrot aliuzuia mpira wa Gene Melchiorre, akampasia Norm Mager aliyekuwa peke yake mbele, na City ikamaliza kwa 71-68. Hakuna timu nyingine katika historia iliyotwaa mataji hayo mawili katika mwaka mmoja, na kwa taratibu za sasa haiwezekani tena. Wanafunzi waliandamana mitaani. Holman, mwenye miaka 53, alikuwa amefika kilele cha taaluma yake na timu isiyokuwa na hata mchezaji mmoja aliyelipa karo.

Kashfa

Furaha hiyo haikutimiza mwaka. Tarehe 18 Februari 1951, timu ikirejea kutoka Philadelphia kwa treni, maofisa wa mwendesha mashtaka Frank Hogan waliwachukua Warner, Roman na Roth. Baadaye wakafuata wengine, akiwemo Layne. Jumla ya wachezaji saba wa City walihusishwa na upangaji wa matokeo.

Njia iliyotumika ilikuwa rahisi. Wacheza kamari wa Marekani hawakuwa wakibeti nani atashinda tu, bali atashinda kwa tofauti ya pointi ngapi. Mchezaji aliombwa apunguze tofauti, si kupoteza mechi. Kwa kijana ambaye nyumbani kodi ya chumba haijalipwa, anayejaza Madison Square Garden huku wengine wakihesabu mapato, bahasha ya pesa ilionekana haina mdhulumiwa. Uchunguzi wa Hogan ulienea hadi Long Island University, Bradley na Kentucky, na kuwagusa wachezaji zaidi ya 30 wa vyuo saba. Mfadhili mkuu wa hongo New York, sonara Salvatore Sollazzo, alifungwa. Warner naye alikwenda jela. NBA iliwafungia maisha wachezaji waliohusika.

Holman alisisitiza kwamba hakujua lolote, wala hakuna aliyethibitisha kwamba alipokea hata senti. Uchunguzi wa bodi ya elimu ya juu ya jiji uligundua pia kwamba rekodi za masomo za baadhi ya wachezaji zilibadilishwa ili wapokelewe chuoni. Alisimamishwa kazi mwaka 1952, akafukuzwa mapema mwaka 1954, akakata rufaa, na Agosti mwaka huohuo kamishna wa elimu wa jimbo akaamuru arudishwe. Alirudi kufundisha, lakini City College ilikuwa imeshaamua kuondoka katika mashindano makubwa na kuachana na Madison Square Garden. Alistaafu ukocha mwaka 1960 akiwa na ushindi zaidi ya 400.

Sheria ilimsafisha. Hata hivyo, kumpenda Holman hakutuzuii kusema kwamba vijana wake waliachwa peke yao mahali pa hatari. Aliwafundisha kila kilichotokea ndani ya mistari ya uwanja. Nje ya mistari hiyo kulikuwa na biashara kubwa iliyowatumia na watu wabaya waliowanunua, na hapakuwa na mtu mzima waliyeweza kumwambia. Vituo vya kijamii vilivyomlea Holman vilijua kwamba mtoto anahitaji bafu, chakula na mtu wa kumsikiliza pamoja na mpira. Chuo kilisahau, na gharama ikalipwa na vijana wa miaka 20.

Waliobeba mafunzo yake

Holman aliishi miaka 35 baada ya kustaafu. Mwaka 1949 alikuwa amekwenda Israeli, taifa la mwaka mmoja wakati huo, kufundisha kikapu, akiwa kocha wa kwanza Mmarekani kufanya hivyo, na uzeeni aliongoza kamati ya Marekani ya kusaidia michezo ya nchi hiyo. Aliingizwa katika Jumba la Umaarufu la Kikapu mwaka 1964. Kwa miongo kadhaa aliendesha Camp Scatico, kambi ya watoto ya likizo kaskazini mwa New York. Alifariki tarehe 12 Februari 1995 huko Bronx akiwa na miaka 98, wa mwisho kufa kati ya Celtics wale wakuu.

Mwanafunzi wake mmoja, Red Holzman, aliyemchezea mwanzoni mwa miaka ya 1940, alikuja kuwa kocha wa New York Knicks na kutwaa ubingwa wa NBA mwaka 1970 na 1973. Aliyetazama Knicks wale wakimtafuta kila mara mwenzao aliye huru, alikuwa akitazama somo la Holman lililofika kizazi cha pili.

Mwingine ni Floyd Layne. Baada ya kufungiwa milango ya NBA, alifanya kazi na watoto wa Bronx katika vituo vya jamii. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Nate Archibald, kijana mdogo wa umbo ambaye msimu wa 1972/73 aliongoza NBA kwa pointi na kwa pasi za mabao pia. Mwaka 1974 City College ilimwita Layne arudi, safari hii kama kocha mkuu. Chuo kilichomwona akichukuliwa na polisi kilimkabidhi timu ya mwalimu wake.

Layne alifanya kwa watoto wa Bronx kile Baum alichowafanyia akina Sedran, na akaongeza kile ambacho yeye mwenyewe alikikosa: alikuwepo walipohitaji ushauri. Anayetaka kuona wachezaji wa kesho wanatoka jamii gani, asihangaike na majina yao ya ukoo. Aende mtaani aulize ukumbi gani umeachwa wazi jioni, na ni nani amekaa humo na watoto.